Reli ya ngazi za nje imeanza kucheza na zege limepasuka: kosa ni bolti, kutu au zege lenyewe?

#1 Ngazi_Saba (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naomba wajuzi wa zege na chuma wanisaidie.

Nina ngazi za zege nje ya mlango, vidato saba. Miezi minane iliyopita niliwekewa reli ya bomba la chuma upande mmoja. Nguzo ni tatu: ya chini ipo kidato cha pili, ya kati kidato cha tano, ya juu kwenye baraza. Kila nguzo imechomelewa chini plati (bamba la chuma) ya sm 10 kwa 10, na kila plati ina bolti nne za kutanuka za mm 12.

Nguzo ya chini sasa ukiisukuma inacheza, juu kabisa inakwenda na kurudi karibu sm 3. Chini ya plati kuna ufa, umeanzia kwenye bolti ya nje ukashuka mshazari hadi ubavuni mwa kidato. Nikigonga kwa mpini wa bisibisi, kwingine mlio ni mkavu, pale unaitika kama chungu chenye nyufa. Mvua ikinyesha, maji ya rangi ya kutu yanachuruzika kutoka chini ya plati.

Nguzo ya kati inacheza kidogo. Ya juu haijatikisika hata kidogo.

Anayeitumia kuliko sote ni mama, magoti yake yamechoka na reli ile anaiegemea kwelikweli. Sitaki kukaza nati nikajidanganya. Chanzo ni nini hasa, na nifunge upya vipi?

#2 Timazi
Bolti ya nje ipo umbali gani kutoka ukingo wa kidato? Pima katikati ya bolti.

#3 Ngazi_Saba
Sm 4.

#4 Timazi
Basi jibu umeshalipata. Bolti ya kutanuka hushika kwa kujipanua ndani ya tundu. Unapokaza nati, ule mkia wenye umbo la kabari unavutwa juu, ganda lake linafunguka na kusukuma zege pande zote. Katikati ya sakafu zege linastahimili kwa sababu limezungukwa na zege lenzake. Ukingoni upande mmoja ni hewa tupu. Zege hubeba sana likigandamizwa, lakini likivutwa nguvu yake ni karibu moja ya kumi tu.

Kwa bolti za aina hiyo mimi hutafuta umbali wa mara kumi ya kipenyo. Yako ya mm 12 ingetaka sm 12 kutoka ukingoni. Karatasi ya mtengenezaji inaweza kuruhusu pungufu, ila na mzigo unaoruhusiwa unapungua. Sm 4 ni kupasua kidato siku ileile ya kukaza. Ufa ulikuwepo tangu mwanzo, ulikuwa haujaonekana tu.

#5 KutuAdui
Timazi nakuheshimu, ila umeyaruka maji ya kutu. Mleta uzi amesema yanachuruzika kila mvua. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichokuwepo. Kikiwa ndani ya tundu hakina pa kwenda, kinasukuma. Nimeona nguzo za reli za zamani zimepasua mawe ya ngazi vipande viwili bila mtu kuzigusa.

Ngazi_Saba, nguzo zako juu zimezibwa? Na chini zina kitundu cha kutolea maji?

#6 Ngazi_Saba
Bomba la mkono limechomelewa juu ya nguzo, kwa hiyo juu pamezibwa. Kitundu chini hakuna.

#7 KutuAdui
Pamezibwa kwa macho. Uchomeleaji wenye matundu madogo kama ya sindano unaingiza maji, na mvuke ukiingia unageuka maji ndani usiku. Maji yanashuka, yanakaa chini, yanakula plati kutoka ndani. Toboa kitundu cha mm 6 sentimita moja juu ya plati ya nguzo ya chini uone kitakachotoka.

#8 Mzee wa Saruji
Vijana mnagombania chuma, zege lenyewe hamjaliuliza. Hizo ngazi zilimaliziwa vipi? Nimebomoa ngazi nyingi ambazo juu ya zege kuna lipu ya sm 3 hadi 5 iliyowekwa baadaye kusawazisha vidato. Fundi anatoboa sm 8, anaridhika. Kumbe sm 4 za mwanzo ni lipu isiyoshikana na kitu. Mlio wa chungu anaousema mleta uzi ndio huo, ni lipu imeachana na zege.

#9 Mama_Wawili
Yetu ilikuwa hivyo hivyo kama anavyosema Mzee. Tulidhani bolti, tukabadilisha bolti mara mbili. Mara ya tatu kipande kizima cha juu ya kidato kilitoka na plati yake, kimebaki kimening'inia kwenye nguzo. Chini yake zege lilikuwa zima kabisa, laini, halina hata alama ya biti ya drili.

#10 HesabuKwanza
Ngoja niweke namba, maana watu wanadhani reli inabeba uzito wa mkono.

Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka reli istahimili pauni 200, yaani karibu kilo 90, kwa mwelekeo wowote. Chukua kilo 90 zinazosukuma pembeni kwenye urefu wa sm 90. Plati inataka kupinduka kwa kuegemea ukingo wake wa mbele. Bolti za nyuma zipo kama sm 8 kutoka ukingo huo. Kwa hiyo 90 mara 90 gawa kwa 8, unapata zaidi ya kilo 1,000. Bolti mbili zinagawana, kila moja inang'olewa kwa nguvu ya kilo 500 hivi.

Huo ni mtu mmoja aliyeteleza akajishika. Nguzo ni mtaimbo, mwenye mkono mrefu ni anayeanguka.

#11 Timazi
Asante sana HesabuKwanza. Hapo ndipo sm 4 inapoua.

#12 Mzee wa Saruji
Na ndipo lipu inapoua pia.

#13 Bomba_Nusu
Nipo hapa najifunza, namba za #10 zimenitisha. Mimi ningeacha chuma kabisa niweke alumini, haishiki kutu, ugomvi umeisha.

#14 KutuAdui
Haishiki kutu ya chuma, lakini usiizike kwenye zege bichi. Zege jipya lenye maji ni alkali kali, na alumini huliwa na alkali. Ukiweka alumini, paka lami au weka plati ya plastiki katikati isigusane na zege, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu zenye washa za kutenganisha.

#15 Bomba_Nusu
Nimekuelewa mkuu. Basi niweke chuma kisichoshika kutu, hicho hakina shida popote.

#16 KutuAdui
Kinategemea. Kile cha kawaida, daraja la 304, karibu na bahari hutoka madoa ya kahawia. Huko watu huweka 316, ina molibdeni ndani yake, madini yanayosaidia kuzuia kutu. Na ukikisugua kwa brashi ya chuma cha kawaida unakiachia chembe za chuma, zinashika kutu juu yake halafu unalaumu duka.

#17 Mchomeleaji_M
Nipo kwenye kazi hii miaka mingi, naongezea upande wa pili. Reli nzuri ya nje ni ile iliyochomelewa kwanza, ikatobolewa vitundu vya kupumulia, kisha ikachovywa zinki nzima ndani na nje. Wengi tunanunua bomba lenye zinki tayari halafu tunalichomelea. Pale kwenye weldi zinki yote imeungua, panabaki chuma kitupu, na hapo ndipo maji yanakaa. Lazima upasugue hadi pang'ae upake rangi yenye zinki nyingi.

Tena ondoa zinki kwa grainda kabla ya kuchomelea, na fanyia kazi penye upepo. Nilichomelea mabomba ya namna hiyo kwenye chumba kilichofungwa nikiwa mwanafunzi wa kazi. Usiku nilitetemeka kwa baridi, homa, mwili wote unauma, mdomoni ladha ya shaba. Kulikucha imeisha. Nilidhani ni malaria kumbe ni moshi wa zinki.

#18 Bomba_Nusu
Si mnakunywa maziwa ninyi?

#19 Mchomeleaji_M
Tunakunywa, lakini hayazuii chochote. Moshi unaingia mapafuni, maziwa yanaenda tumboni. Kinachozuia ni kutouvuta.

#20 Joto_na_Baridi
Naleta sababu ya nne. Reli ya mleta uzi ina urefu gani? Chuma hurefuka. Kwa kila mita moja na kila nyuzi 40 za tofauti ya joto, ni karibu nusu milimita. Reli ya mita 4 iliyofungwa ncha zote inasukuma na kuvuta mm 2 kila siku, jua likiwaka na usiku ukipoa. Miezi minane ni mara mia mbili na zaidi. Bolti ya kutanuka ikitikiswa hivyo hulegea.

#21 HesabuKwanza
Namba yako ni sahihi lakini nguzo yenyewe inapinda. Mm 2 juu ya nguzo ya sm 90 ni mpindo mdogo sana, nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya mzigo niliouweka. Kwa reli ndefu za majengo ndiyo, hukatwa na kuwekwa kiungo kinachoteleza. Kwa mita 4 sishawishiki.

#22 Joto_na_Baridi
Mzigo wako unatokea mara moja mtu akianguka. Wangu ni kila siku. Vitu huchoka, kaka.

#23 Mama_Wawili
Ngazi_Saba, mnapoendelea kubishana, mama anatumia nini kupanda? Reli inayocheza ni mbaya kuliko kukosa reli, kwa sababu mtu ameshaiamini. Ifunge kamba na kitambaa chekundu leo hii.

#24 Ngazi_Saba
Asante dada. Nimeifunga jana jioni, namshika mkono mwenyewe kila akitoka.

Na kwa kumshika nimeona kitu nilikuwa sikijui. Akishuka, mkono wake wa kulia unateleza vizuri juu ya bomba hadi kwenye kiungo karibu na nguzo ya kati. Pale ananyanyua vidole viwili, anapita, anashusha tena. Nilipopapasa nikakuta weldi haikusagwa, ina jino dogo lenye ncha. Amekuwa akilikwepa miezi minane bila kusema. Halafu akifika kidato cha pili anaachia kabisa, kwa sababu reli inaishia pale. Vidato viwili vya mwisho anashuka akiwa ametanua mikono kama anayevuka boriti.

#25 Mhudumu_wa_Viungo
Nimesoma uzi wote, na #24 ndiyo posti iliyonigusa. Nafanya kazi na watu wanaojifunza kutembea upya baada ya kuvunjika nyonga. Wengi wanaanguka kidato cha mwisho, ama wanadhani wamefika, ama hakuna cha kushika. Reli inatakiwa ivuke kidato cha mwisho. Kanuni za majengo ya umma katika nchi nyingi hutaka izidi kwa karibu sm 30 juu na chini, na ncha ikunjwe ielekee ukutani au chini isinase mkono wa nguo.

Unene pia. Mkono unatakiwa ulizunguke bomba hadi kidole gumba kikutane au kikaribiane na vingine. Mm 32 hadi 50 ndiyo inayotajwa mara nyingi, na mwenye vidole vyenye baridi yabisi anapendelea karibu na 40. Zile reli pana bapa za mapambo mtu anaziwekea kiganja tu. Akiteleza hana alichoshika.

#26 Bomba_Nusu
Urefu je? Yetu tumeweka mita moja na robo, tuliambiwa ndiyo salama.

#27 Mhudumu_wa_Viungo
Hapana, hiyo ni juu mno kwa kushika. Marekani ni inchi 34 hadi 38, kama sm 86 hadi 96. Uingereza sm 90 hadi 100. Inapimwa kutoka ncha ya mbele ya kidato, wima, si kutoka nyuma ya kidato. Ukishuka na reli ipo kifuani unajivuta nyuma badala ya kujiegemeza.

#28 Timazi
Niongezee: kizuizi cha kuzuia mtu asidondoke barazani na reli ya kushika ni vitu viwili. Kizuizi kinaweza kuwa kirefu zaidi, na nafasi kati ya fito isipitishe mpira wa sm 10, kwa ajili ya vichwa vya watoto. Huenda Bomba_Nusu aliambiwa urefu wa kizuizi.

#29 Ngazi_Saba
Nimepima yangu: sm 104 chini, sm 91 juu. Kumbe hata haijafuata mteremko wa ngazi. Turudi kwenye kufunga. Nitoe bolti niweke gundi?

#30 Timazi
Ndiyo, nondo zenye ridhi (meno kama ya skrubu) na gundi ya epoksi. Epoksi haitanuki, haisukumi ukingo, inashika kuta za tundu kwa urefu wote. Lakini asilimia kubwa ya kazi ni usafi wa tundu. Puliza kwa hewa kutoka chini, sugua kwa brashi ya waya ya duara, puliza, sugua tena, puliza tena. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi. Jaza kuanzia chini ya tundu, ingiza nondo ukiizungusha, kisha usiiguse mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo uishe. Kwenye baridi muda huo ni mrefu zaidi.

Vaa miwani na barakoa ya vumbi. Vumbi la zege lina silika, likiingia mapafuni halitoki.

Na sogeza plati ndani. Gundi haifuti kosa la sm 4, inalipunguza tu.

#31 Mzee wa Saruji
Mimi sipendi plati kwenye vidato. Toboa tundu la sm 8 hadi 10 kwa biti ya almasi, kina sm 12 hadi 15, simamisha nguzo ndani, pima kwa timazi, mimina grauti (uji wa saruji wa kujazia) isiyosinyaa. Juu ifinyange iwe kilima kidogo maji yateleze mbali na chuma. Nguzo zangu za namna hiyo hazijawahi kucheza. Ila soma mfuko: grauti zenye jasi ndani yake ni za ndani ya nyumba, nje zinalainika kama chaki.

#32 KutuAdui
Mzee, tundu la sm 10 kwenye kidato chembamba linaacha ukuta gani? Na nguzo iliyozikwa ndiyo huoza pale pale inapoingia kwenye zege. Huioni mpaka ikatike.

#33 Mzee wa Saruji
Ndiyo maana ya kilima, na zinki. Wazee wetu wa uhunzi walikuwa wanamimina risasi iliyoyeyushwa.

#34 KutuAdui
Wengine walimimina kiberiti (salfa) kilichoyeyushwa, kikala chuma na kupasua mawe. Si kila cha zamani ni cha kuigwa.

#35 Mchomeleaji_M
Mnasahau njia ya tatu: funga ubavuni. Plati inakaa kwenye uso wa pembeni wa ngazi, bolti zinaingia kwa mlalo, mbali na ncha za vidato. Maji hayatuami juu ya plati, na upana wa ngazi haupungui. Ila ubavu uwe zege imara.

#36 Ngazi_Saba
Wakuu nimefungua nguzo ya chini leo asubuhi. Naleta niliyoyaona bila kuongeza.

Nilitoboa kitundu alichosema KutuAdui kabla ya kufungua. Yalitoka maji meusi, nusu kikombe hivi. Nati mbili kati ya nne zilizunguka kwa vidole. Bolti ya nje niliivuta kwa mkono, ikaja na koni ya zege ukubwa wa ngumi. Kwenye koni hiyo kuna mstari unaonekana wazi: juu lipu ya sm 3.5, chini zege. Bolti iliingia sm 7 kwa jumla. Kwa hiyo kwenye zege halisi ni sm 3.5 tu. Mkia wa bolti una kutu ya kung'oka kama magamba. Uso wa ufa kwa ndani ni mchafu, wa kijivu iliyokolea, si mweupe wa kuvunjika juzi.

#37 Mzee wa Saruji
Sm 3.5. Sina la kuongeza.

#38 Timazi
Ufa mchafu maana yake ni wa zamani, ulitokea siku ya kukaza. Ukingo.

#39 KutuAdui
Nusu kikombe cha maji ndani ya nguzo iliyozibwa, na magamba. Ufa kuwa mchafu ni maji ya kutu yamepita humo, hausemi ulianza lini.

#40 Joto_na_Baridi
Na nati mbili zilizozunguka kwa vidole? Hizo hazikulegezwa na ukingo wala lipu. Zimetikiswa.

#41 HesabuKwanza
Swali langu ni nguzo ya juu. Fundi yule yule, siku ile ile, bolti zile zile, na haichezi. Ipo umbali gani kutoka ukingo wa baraza?

#42 Ngazi_Saba
Sm 20.

#43 Timazi
Eeh.

#44 KutuAdui
Na juu yake kuna paa?

#45 Ngazi_Saba
Lipo. Mvua haiifikii.

#46 Mzee wa Saruji
Baraza lilipigwa lipu pamoja na vidato?

#47 Ngazi_Saba
Sijui, Mzee. Kesho asubuhi naifungua nayo, nipime kina cha lipu na niangalie mkia wa bolti. Reli yote naishusha, naenda kwa fundi mwingine aiongeze chini ivuke kidato cha mwisho kwa sm 30 na asage lile jino. Nitarudi na vipimo.

#48 Mhudumu_wa_Viungo
Kabla hajakata bomba, mpeleke mama asimame kwenye kidato na ashike fimbo kwa urefu anaoupenda. Pima hapo.